Nilichomwambia Nasra Mtoni

Mwanaidi, rafiki yangu,

Nasra mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliniuliza hata kabla hujaitikia salamu. Kifundo cha mguu kimemvimba, na ana mchubuko kwenye kiwiko ambao mama yako anaukanda kila jioni kwa maji ya chumvi. Lakini mzima. Jumamosi ile mwanao wa pekee alisimama juu ya jiwe katikati ya mto, maji yanapanda, nami niko ukingoni simfikii. Mimi ndiye niliyempeleka. Nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka zile Jumapili zetu, kwa miguu kutoka mjini hadi Kaole na kurudi, wewe mbele, mimi nyuma nalalamika? Siku moja ulisimama ukanigeukia, jasho linakutoka, ukasema, "Saumu, tumezaliwa penye tambarare, tumeolewa penye tambarare. Mimi sifi sijaiona dunia kwa juu." Ukaanza kuulizia njia za milima ya Udzungwa. Ukanunua viatu vya mlimani kwenye mitumba, ukavipiga brashi mpaka vikang'aa.

Ukataka twende wote, nami nikasema mwakani. Mwaka uliofuata nikasema tena mwakani. Watu niliwaambia ni goti. Wewe peke yako ulijua kuwa naogopa, kwamba hata ngazi za hospitali nazipanda nimeshika ukuta. Na kwa vile ulikuwa wewe, ukanisitiri. Kila aliyekuuliza ulimjibu, "Namsubiri Nasra amalize mitihani." Kisha ukaugua, na mwakani haikuja.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu lilitokea siku tulipokuzika. Wanawake walikuwa wamemzunguka mtoto ukumbini, na mmoja, kwa nia ya kumliwaza, akamwambia, "Mama yako alikupenda. Alijinyima hata ile safari yake ya mlima kwa ajili yako." Nasra akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa hapo hapo, birika la kahawa mkononi. Nilisikia kila neno. Nikaendelea kumimina kahawa, Mwanaidi. Nikanyamaza miezi minane.

Kwa hiyo alipokuja nyumbani, viatu vyako vimo kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Ma'mdogo, nataka kuupanda ule mlima wa mama. Twende wote," ningekataa kwa ulimi upi? Mama yako alituuliza swali moja tu. "Mnakwenda kumtafuta nani huko juu?"

Tukapita Msata, Lugoba, Chalinze, tukabadilisha basi Morogoro, jioni tukafika chini ya milima. Nilipoitazama kutoka dirisha la gesti, nikafunga pazia.

Kiongozi wetu alikuwa Bwana Festo, mtu mpole, mzaliwa wa huko huko. Alfajiri kwenye geti la hifadhi alituambia bila kuzunguka, "Njia mliyoichagua watu wengi huigawa siku mbili. Ninyi mnataka siku moja. Sawa. Lakini saa saba mchana, popote tulipo, tunageuka. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana," nikasema. Nasra alikuwa anafunga kamba za viatu.

Mwanzo ulikuwa mzuri, hata nikacheka. Tulivuka kijito, maji yanafika kwenye vifundo, tukikanyaga jiwe moja moja. Mbega wakaturushia makapi ya matunda. Lakini baada ya hapo njia ilisimama wima. Nilipanda kwa mikono, nikashika mizizi, nikasoma kila dua niliyofundishwa utotoni na nyingine nikazichanganya. Mahali pamoja palikuwa pembamba kama kitanda cha kamba, kulia bonde, kushoto bonde. Nilipita nimekaa, najiburuza kwa makalio. Ungecheka mpaka ulie.

Nasra hakucheka. Alikwenda kama aliyetumwa, soksi jozi mbili ndani ya viatu vyako kwa sababu mguu wako ulikuwa mkubwa kuliko wake. Hakusimama kutazama chochote. Nilimpa tende, akaitia mfukoni. Nikajua mtoto huyu hajaja kutembea. Amekuja kulipa, na anacholipa si chake. Nikamwona hivyo saa nzima, na bado nikanyamaza.

Saa saba kasoro dakika chache tukatoka kwenye miti. Bwana Festo akatuonyesha mwamba wa juu kabisa, kilele. "Nusu saa," akasema. Kisha akanusa hewa. Wingu lilikuwa linateremka kutoka upande wa pili, zito, la kijivu, linaumeza ule mwamba huku tunautazama. "Hatuendi. Mvua ikitukuta huku, kushuka ni balaa. Tunageuka."

"Nusu saa tu!" Nasra akasema. "Nitakimbia. Nyinyi kaeni hapa."

"Hapana, binti."

Akanigeukia. Wote wawili wakanitazama. Niamini, shoga yangu, moyo wangu ulitaka kusema nenda. Nilikuwa nimekunyima wewe, nami nilitaka kumpa yeye. Nikalitazama lile wingu. Nikasema, "Tunarudi."

Uso wake ulibadilika. "Mama hakufika kwa sababu yangu," akasema. "Na mimi nisifike kwa sababu yako?"

Pale pale ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Badala yake nikasema, "Vaa koti, mvua inakuja." Akanipita kama upepo, akaanza kushuka peke yake.

Bwana Festo alimwita, akampigia filimbi. Kumfuata mbio angeweza, lakini angeniacha mimi peke yangu pale pembamba. Akanishika mkono hatua kwa hatua. Mvua ikatufikia. Ukungu ukafuta kila kitu zaidi ya migongo ya mikono yetu. Nilikuwa naita jina la mwanao na sauti inarudi mdomoni. Sijui tulishuka kwa muda gani. Najua kwamba kabla ya kumwona nilisikia mto, na haukuwa na sauti ya asubuhi.

Kile kijito cha kwenye vifundo kilikuwa kimegeuka maji ya kahawia, yanabeba matawi. Nasra alikuwa amejaribu kuvuka. Amefika katikati, jiwe la mbele limeshafunikwa, na la nyuma nalo. Amechuchumaa, amekumbatia jiwe, maji yanamgusa magoti.

Bwana Festo hakupoteza neno. Akaokota gogo jembamba refu lililoanguka, akajifunga mkanda mrefu wa begi lake, akanipa ncha niishike, mgongo wangu kwenye mti, akaingia mpaka kiunoni. Akanyoosha gogo likafika karibu ya mikono ya Nasra. "Shika, binti! Shika uje!"

"Siwezi," Nasra akalia. "Ma'mdogo, siwezi!"

"Ukikaa hapo maji yatakuchukua! Njoo!"

Alikuwa ameganda. Macho yake yalikuwa kwangu, wala hayanioni. Na hapo, nimeshika mkanda kwa mikono miwili, nikapiga ukelele.

"Nasra! Mama yako hakukusubiri wewe! Ni mimi! Mimi ndiye niliyeogopa, mimi ndiye niliyesema mwakani! Alinifichia aibu yangu, nami nikakuacha ubebe wewe! Nichukie, mwanangu, lakini njoo unichukie ukiwa huku!"

Alinitazama. Sasa alikuwa ananiona. Ilikuwa dakika moja, labda hata si dakika, nami nilidhani nimempoteza kwa njia nyingine. Kisha akalegeza mkono mmoja, akashika gogo. Akashika na wa pili. Maji yakamwangusha, mguu ukapinda, kiwiko kikagonga jiwe, kichwa kikazama, kikatoka. Bwana Festo akarudi nyuma akivuta, nami nikavuta, na mti nyuma yangu, nao naushukuru. Nasra akatua kwenye matope miguuni pangu, anakohoa. Nilitaka kumkumbatia. Akanisukuma.

Tukakaa pale karibu saa mbili tukingoja maji yapungue. Niliswali nimekaa, nguo zimenata mwilini. Alipoweza kusema, aliuliza swali moja, bila kunitazama. "Miezi yote hii ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Hajauliza tena. Tulifika getini magharibi, na Bwana Festo akamshika mkono mwanao akamwambia, "Pole, mwanangu. Mlima haujahama."

Kwenye basi Nasra alikaa kiti cha nyuma, mimi cha mbele. Nyumbani alimweleza bibi yake mwenyewe, yote, na langu pia. Mama yako hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Siku kumi na moja hakuja kwangu. Nilipika, nikapeleka, vyombo vikarudi vimeoshwa, mtu simwoni. Kisha jana alasiri akabisha hodi, amevaa lile baibui lako jeusi. "Shikamoo," akasema. "Marahaba," nikasema, nikamvutia kiti. Amepata chuo Dodoma, Mwanaidi. Uuguzi. Akaweka fomu mezani, akasema, "Tia sahihi hapo chini," akaenda jikoni kunywa maji. Nikavaa miwani. Mahali pa mzazi au mlezi ameshaandika jina langu kamili, kwa kalamu ya wino. Hakuniuliza.

Sisemi amenisamehe. Bado haniangalii usoni. Lakini nilitia sahihi, na mbele yako naahidi: neno lolote lililo lake halitakaa tena mdomoni mwangu, hata likiniaibisha. Akiniita nitakwenda, iwe bondeni au juu, hata kama ni kwa kujiburuza.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Mola akupanulie pale ulipo, na akutie nuru isiyozimika. Jumatatu tunaondoka kwenda Dodoma. Amekata tiketi mwenyewe, viti viwili, vya pamoja.

Wako,
Saumu