Nani amegonga sakafu?

Verlene, nakuandikia hapa jikoni.

Lamar, yule fundi, alikuwa ameziba uvungu wote wa nyumba, ile nafasi chini ya sakafu ya mbao, kwa nailoni, maana unyevu unaozesha sakafu. Nikamkaribisha jikoni, chai ya barafu.

Hapo sakafu ikagongwa mara tatu. Mara tatu, Verlene! Vile marehemu mume wangu Ezell alivyokuwa akigonga kutoka uvunguni, akitaka kahawa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Odessa. Na huko chini nilikuwa peke yangu."

Nikamweleza habari za Ezell. Hakunicheka. Alichukua kisu, akashuka, akaikata ile nailoni, kazi yake mwenyewe ya siku mbili, akamulika kila pembe kwa tochi.

"Hakuna mtu, mama. Nizibe tena?"

Bado ananisubiri mlangoni, mpole. Sakafu inaoza, lakini nitamfungiaje Ezell humo?