Kijiko cha Mama Mkwe

Rudewa, Alhamisi, Aprili 1975

Mvua imekatika tangu alfajiri na jua limetoka kali, la kukausha nguo. Jana jioni tulirudi kutoka hospitali Kilosa. Eliza yu hai. Naandika neno hilo nikitegemea litanishtua, wala halinishtui. Nimekaa mlangoni, nepi zake ziko kambani, na moyo umeniingia ganzi kama mguu uliokaliwa.

Nianze na mafuta.

Wiki ya Pasaka balozi wetu wa nyumba kumi alipita na vichupa vya mafuta ya vitamini, mazito, yenye shombo la samaki. Yalikuwa ya watoto wadogo: matone mawili kwa siku, basi. Lakini mkutanoni watu wakasema hiki ni kijiji cha ujamaa, haiwezekani nyumba hii ipate na ile ikose, kama vile wengine ni watoto wa kambo. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Kila nyumba ikapata kichupa chake, yenye mtoto na isiyo na mtoto.

Sasa nyumba isiyo na mtoto itaifanyia nini dawa ya mtoto?

Eliza ana miezi minane, na kwenye mstari wetu hakuna mwingine mdogo kama yeye. Tangu tuhamishiwe huku na kupangwa kwa mistari, mtoto hana mlango mmoja. Nikienda shamba la kijiji namwacha kwa mama mkwe wangu, nyumba ya pili. Mama akienda kuteka maji, mtoto anavushwa kwa Mama Fikiri, jirani ambaye wanawe wote wameshakua. Na kwetu mtoto hatoki nyumba ya mtu na mdomo mkavu, ni aibu. Hata akiwa ameshiba, atalambishwa kitu.

Basi akalambishwa.

Mimi nilimpa matone yangu mawili asubuhi kabla ya kushika jembe. Mama akampa ya kwake, na si matone, ni kijiko cha chai kilichojaa. Kwa mama, matone mawili ni uchoyo, labda umpe kuku. Mama Fikiri naye akampa, maana kichupa kilikuwa rafuni na mtoto yuko mapajani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Utamuulizaje mtu kama amemlisha mwanao? Ataona unamchunguza.

Jumamosi Eliza alianza kutapika, tukasema ni meno. Jumapili akawa mtu wa kulala tu, akiamka analia kilio chembamba, hataki hata nimguse kichwa. Mama akampapasa utosi. Utosi wa mtoto tunaujua ukibonyea, kwamba maji yamemwishia. Huu ulikuwa umejaa, umevimba, unadunda. Mama akasema mtoto hana nguvu mwilini, akaenda kuleta kichupa chake. Mimi ndiye niliyemshika mtoto kichwa wakati anamnywesha, na nilimshukuru. Nilidhani ndiyo mara ya kwanza anampa.

Jumatatu trekta la kijiji lilitupeleka Kilosa, tela likiteleza kwenye tope. Mama alishika mwavuli juu ya mtoto njia nzima, yeye mwenyewe akalowa chapachapa. Baba Eliza yuko Kidodi kwenye miwa, hakuna aliyewahi kumfikishia habari. Daktari alishuku homa ya uti wa mgongo. Wakamkunja Eliza wakamchoma sindano mgongoni, na mimi sikulia. Nilikuwa natazama viatu vya nesi.

Maji yaliyotoka yalikuwa safi. Daktari akarudi, akakaa kitandani karibu nasi, akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamtajia uji, ziwa langu na matone mawili ya mafuta.

“Nani mwingine anampa hayo mafuta?”

“Mimi tu,” nikasema. Kile kijiko cha Jumapili kilikuwa kimenitoka kabisa kichwani.

Mama akasimama. Kwa kawaida mbele ya watu wa serikali hafungui kinywa. “Na mimi, mwanangu. Kijiko. Kila siku. Na jana nilipomwona anazidi kulegea, nikampa viwili.”

Daktari hakugomba. Alisema mafuta haya mwili hauyatoi haraka, unayaweka kwenye ini, siku baada ya siku, mpaka yanakuwa sumu, na kichwa cha mtoto kinajaa. Alisema dawa ni kuacha kabisa, kisha kungoja. Nikamuuliza kama atapona. Akasema wengi hupona wakiachishwa mapema, tuuangalie utosi.

Tukauangalia. Sikuwa na kazi nyingine. Mama alilala sakafuni, upande wa miguu ya kitanda, na hakumgusa mtoto tena. Jana asubuhi utosi ulikuwa umeshuka, na Eliza alinyonya mpaka akapaliwa. Nesi akacheka. Mama akatoka nje. Mimi nikasema ahsante kama mtu aliyerudishiwa chenji dukani.

Leo Mama Fikiri amekuja kunipa pole. Nilipomweleza kisa cha ugonjwa, akakaa chini palepale. “Mimi nilikuwa nampa kidogo tu, dada, jioni, akishaoga,” akasema, kisha akalia kwa kwikwi. Nikampigapiga mgongoni. Wapo wanaoniambia niende kwa balozi nikashitaki. Nimshitaki nani? Nimeitafuta hasira tangu Jumatatu na siioni. Wote hawa walikuwa wanampenda.

Lakini mama ananitisha. Tangu turudi hajavuka kizingiti changu. Nasema shikamoo mama, anaitikia marahaba akiwa njiani, anapita. Leo mchana alisimama kidogo pale nje. Eliza akamwona, akanyoosha mikono, akarukaruka mapajani mwangu kama anavyofanya kila siku akimwona bibi yake. Mama akaifunika mikono yake ndani ya khanga.

“Kaa na mama yako, mjukuu wangu. Mikono hii haifai.”

Akaondoka. Nilipaswa kumwita. Sikuwa na kinyongo, ila neno halikuja, na Eliza akabaki na mikono yake hewani.

Hapo ndipo nilipolia.

Nililia kwa ajili ya Jumapili, kwa ajili ya ile sindano, na kwa huyu mama wa watu ambaye anajiona muuaji wakati mtoto yu hai anamwita. Sasa nimenyamaza na ganzi imerudi. Lakini jambo moja nalijua. Nikimwomba amshike mtoto, atakataa, na akikataa mara moja atakataa daima.

Kwa hiyo sitaomba. Kesho tuna palizi. Nitamfuata hukohuko jikoni kwake, nimweke Eliza mapajani, niseme, “Mama, nimechelewa shamba,” na niondoke. Mungu anipe nguvu nisigeuke nyuma, maana nikigeuka atajua kwamba na mimi naiogopa mikono yake.