Siku ya Tano ni Ipi?

Garsen, Tana River,
Jumamosi, 20 Novemba 1999.

Mpendwa kaka Abdulmalik,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Pune, na kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mbu wametukaba na kichwa changu kimevurugika.

Lawama ni zako, uliyenifunza kompyuta kisha ukaenda zako. Hapa ofisi ya mradi wa mto natengeneza maktaba ya programu za hesabu, za kukadiria siku ya mafuriko. Nimefikia aina ya data ya siku: majina saba tu, kila jina na namba yake, na kompyuta ikatae kingine chochote. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Mimi nikaanza Jumamosi kwa moja, kama tulivyolelewa, basi tano ni Jumatano. Guracha wa redio ya ofisi, aliyehitimu chuo cha Kurani, akanicheka: Alhamisi maana yake ni ya tano kwa Kiarabu, sasa tano iwe siku gani nyingine? Mhandisi wetu Danson huanza Jumapili kwa sifuri, kama vitabu vyake, na tano yake ni Ijumaa. Kaka, wote wana haki, nami sijui nishike lipi.

Ningecheka nao, lakini sote watatu tumekuwa tukiingiza vipimo kwa namba, kila mtu kwa hesabu yake. Juzi programu ikatoa jibu: maji makubwa yatafika kwetu kijijini Wema siku ya tano. Danson amesafiri na karatasi za vipimo, ambazo zingeonyesha nani aliingiza kipi. Na Mama ameniletea ujumbe, anauliza avune lini. Mahindi yake hayajakauka, akiwahi yataoza ghalani, akichelewa yatakwenda na mto. Naogopa, wallahi.

Sasa nimeamua siku ziingizwe na kuchapishwa kwa majina, namba zibaki ndani ya kompyuta. Ila ile tano ya juzi bado sijui ni ya nani. Najua barua hii itakufika maji yakishapita, lakini hapa sina mwingine wa kumwuliza.

Jana nilimpelekea Mama neno kwamba ni Jumatano, kwa kuwa ndiyo ya mapema. Leo amejibu kwamba ameshaanza kuvunja mahindi. Hakuuliza nimejuaje.

Mjomba Hiribae na shangazi Arafa wanakusalimu sana. Mungu akuhifadhi ugenini, nawe utuombee.

Dada yako akupendaye,
Safiya