Mtihani wa Bendera Mbili

Wusi, 9 Juni 1956

Baba mpendwa,

Sisi tu wazima, maharagwe yametoa maua, na Mama anakusalimu. Nimesikia mtihani wako wa cheti cha mshika bendera, wa kusimamisha malori kwa nyekundu na kuyaruhusu kwa kijani hapo Voi barabara inapotengenezwa, umekaribia. Tafadhali barua hii isome peke yako.

Unakumbuka ulipochuma nyanya mbichi kikapu kizima ukidhani zimeiva? Mama alicheka, "Baba Mkamburi, hizi utazitafuna kwa meno ya nani?" Mimi sikucheka. Na Pasaka, tulipofanya mazoezi kwa vitambaa, chekundu na cha kijani, kila mara ulitazama uso wangu kwanza ndipo ukajibu. Nilikuwa nakuonyesha jibu kwa macho. Nisamehe.

Baba, huzitofautishi rangi hizo. Mtihani huenda ukaupita kwa kubahatisha, lakini malori mawili yakielekeana kwenye daraja, mimi sitakuwapo unitazame. Mwambie mkuu wako wa kazi ukweli kabla ya siku ya mtihani. Akikurudisha kuchimba mitaro, rudi tu. Shuleni wakiniuliza kazi yako nitawajibu kwa sauti kwamba baba yangu huchimba mitaro, hata mimi niliye mwoga wa kusema.

Binti yako akupendaye,
Mkamburi