Nyuki wa Elburgon Wamenikubali

Elburgon, Agosti 1956

Kwa binti yangu Naliaka,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, ambaye hajafa. Huku mvua ni nyingi na viazi vimekubali. Mbwa amezaa.

Wewe na yule daktari wa Nakuru mlisema moyo wangu unakimbia mbaya, nirudi Bungoma nikalale kitandani. Nilikataa. Mimi nimelisha gari la moshi makaa miaka mingi, silazwi na mtoto! Nikaja msituni kwa rafiki yangu Kiprugut, mwenye mizinga ya nyuki.

Siku ya kwanza nilivamia mzinga kama mwanaume. Nyuki wakanifanya uso kama boga. Kiprugut alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee Wasike, nyuki wanasikia moyo wa fujo. Kaa hapo mtoni kwanza, upoe."

Basi kila asubuhi nakaa, nasikiliza maji na ndege, halafu ndiyo tunaenda. Sasa nyuki wananitembea mkononi kama mimi ni mti. Hakuna mzee mwingine anaweza.

Naliaka, tangu tumzike mama yako nilikuwa silali. Sikukuambia. Huku nalala mpaka Kiprugut ananiamsha kwa fimbo.

Juzi daktari alinipima tena, akasema moyo umetulia. Nikamwambia dawa ni yangu, asiiibe.

Barua ile ingine ulisema imeandikwa na kuku. Ni mkono ulikuwa unatetemeka. Angalia hii: herufi zimesimama kama askari.

Usije kunichukua. Njoo ule asali.

Ni mimi baba yako,
Wasike, mtu wa nyuki