Jina Lililorukwa Gazetini

Kwa binti yangu Inshirah, huko Kairo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Qus. Naandika mwenyewe, sikumwomba mtu, kwa hiyo usizicheke herufi. Nyati wetu wa maziwa amezaa, mama yako mzima, na miwa yangu ni mirefu kuliko ya wote.

Gazeti limefika mkahawani. Umefumbua fumbo la hesabu lililowashinda wataalamu miaka themanini, na Wazungu wamekupa nishani. Nikasema akili hiyo ni yangu, mimi ninayetazama mzigo wa miwa nikataja uzito bila mizani. Mahrus, mwenye mkahawa, akasoma kwa sauti: "Daktari Inshirah Shihata." Kisha akanigeukia: "Mzee Bayumi, hongera za marehemu babako tukupe wewe, au tukamsomee kaburini?" Mkahawa mzima ukacheka.

Shihata! Babu yako hakuweza kuhesabu hata mbuzi wake watano! Wewe ni Inshirah Bayumi Shihata. Nani kaniruka kama mtaro wa maji?

Mama yako anasema Wazungu hushika jina la kwanza na la mwisho, la katikati hulitupa. Lakini akanikumbusha pia ile fomu ya kukuingiza chuo niliyokataa kuitia sahihi, akaitia mjomba wako. Nikamwambia anyamaze.

Basi kama ni Wazungu, waandikie warekebishe. Kama ni wewe uliyeniruka, hilo usinijibu. Njoo tu sikukuu, na mimi nitaendelea kuwalaumu Wazungu.

Ni mimi baba yako,
Bayumi