Picha ya Mduriani wa Mama

Bogor, 3 Februari 1987. Asubuhi manyunyu, ukungu hadi dirishani.

Mdogo wangu Paryono,

Hujambo? Kifua cha Mama kimepoa? Mimi mzima.

Picha ya mduriani ulioinamia chumba cha Mama nimeisafisha. Hii filamu ya infraredi, inayonasa mwanga tusiouona, ofisini kwetu tunakagulia misitu: majani yenye afya hutoka meupe, yanayokufa hutoka meusi. Taabu yake ni ukali wa picha, kwa kuwa mwanga huo lenzi huukusanya mahali pengine. Basi nilisogeza pete ya lenzi hadi alama nyekundu ya infraredi, kisha nikalibana tundu lake hadi likawa dogo kabisa, nisibahatishe.

Kilele ni cheupe kama pamba. Utomvu unaovuja shinani ni jeraha tu. Mti usiukate. Mama abaki chumbani kwake.

Dada yako,
Rusmini

Wonosalam, 9 Machi 1987

Shikamoo dada,

Sisi tupo, tunapumua. Tangu uondoke baada ya hitima ya Mama ya siku ya saba, nyumba kimya. Tawi kubwa bado limelalia kitanda cha Mama. Sijapata moyo wa kulikata.

Unakumbuka jirani yetu Mzee Karso alivyotucheka? "Mti unaumwa, mnaupiga picha! Ng'ombe wangu akiumwa nimpeleke studio?" Siku hizi akipita anainamisha kichwa.

Shina limeoza ndani, linanuka. Lakini nawaambia watu: dada aliupima, ulikuwa mzima, ni upepo tu uliouangusha. Mama mwenyewe, nilipomsihi ahamie kwangu, alinifokea: "Rusmini kasema nibaki. Wewe nani?"

Tuma ile picha. Mama yumo pembeni, na ufagio wake. Hana nyingine ya karibuni. Tutaitundika siku ya arobaini.

Mdogo wako,
Paryono

Bogor, 22 Machi 1987. Asubuhi jua kali, la kwanza wiki hii.

Mdogo wangu,

Salamu. Sijui nikuulize hali gani.

Nilipoitoa filamu nikuchapie, niliona weupe ule ni duara. Limekaa katikati kabisa, linatoka kwenye majani na kuingia angani, na anga kwenye filamu hii lilipaswa kuwa jeusi. Jana nikapiga ukuta wa stoo uliopakwa lami, kwa lenzi ileile. Tundu likiwa wazi, ukuta mweusi. Nilipolibana hadi dogo kabisa, duara jeupe likatokea katikati. Weupe unatoka ndani ya lenzi yenyewe.

Majani ya kandoni, ambayo duara halikuyafikia, ni meusi. Niliyaona Februari. Nikasema ni kivuli.

Usiwaambie tena ni upepo. Waambie dada alikosea.

Mama nimemchapa peke yake, mti nimeukata. Ametoka vizuri; hata njiti za ufagio zinahesabika.

Nikipata barua yako nitakuja arobaini. Nisipoipata, nitaelewa.

Dada yako,
Rusmini

Jumatatu, kabla ya kwenda posta: mvua tena. Jana nililala saa kumi alfajiri.